Mke Wangu na Kimya cha Mwenyekiti

Kinyozi wa Katelembo ndiye aliyeniambia, na kwa kuwa wembe ulikuwa shingoni mwangu, sikubisha. Alisema Wakweka, wale Wakristo wa kanisa la Marafiki, hawanyamazi bure. Ukikaa nao kwenye ile nyumba yao ya maombi, ukafumba macho, baada ya muda mawazo yako huanza kutoka kwa sikio la kushoto kama moshi wa jikoni. Yanapanda hadi darini, yanazunguka huko, halafu yanashuka yote na kuingia ndani ya kofia ya Mwenyekiti. Ndiyo maana haivui. Hurudi nayo nyumbani ikiwa imejaa, anakaa kitini, anayachambua mawazo ya watu kama mtu anayechambua maharagwe.

"Asi! Hata yangu?" nikauliza.

"Wewe hujaenda," kinyozi akasema. "Lakini Mama Mwende si huwa anaenda?"

Mama Mwende ni mke wangu. Niliamini papo hapo, kama ninavyoamini kwamba jua hutoka upande wa Kithyoko. Nilikuwa mtu mzima, mwenye cheti cha ngumbaru kilichotiwa kioo na kutundikwa ukutani, na bado kwa miaka mingi niliamini kwamba mawazo ya mke wangu, pamoja na yote anayojua kunihusu, yako ndani ya kofia ya mwanaume mwingine.

Huyo mwenye kofia ndiye ninayetaka kumweleza hapa. Nitamweleza kwa haki, ingawa haki yenyewe inanitoka kwa shida, maana sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea yeye. Wivu wangu ungetosha kuwasha taa za mji mzima wa Machakos, na mwanga ukabaki wa kupeleka Mavoko.

Alizaliwa wapi na watu wa kwao ni nani, hayo nitawaachia wenyewe. Sisi tulimpata tayari ana mvi, mstaafu wa kiwanda cha saruji cha Athi River, mtu wa magharibi mwa Kenya aliyesema Kikamba kwa lafudhi iliyowafanya mbuzi wageuke kumtazama. Yeye ndiye aliyekusanya watu wa kila aina, wafanyakazi wa viwandani, wakulima waliokosa shamba, wachuuzi wa mitumba kama mimi, akatuunganisha kuwa kikundi, na kikundi kikanunua kipande cha ranchi karibu na Katelembo. Pahali penyewe palikuwa pakavu hadi mijusi walitembea na chupa za maji. Leo pana maduka, pana shule, na makanisa ni mengi kuliko vyoo.

Alitaka paitwe Muuo, neno la Kikamba la amani. Alilipaka jina hilo kwa rangi nyeupe kwenye jiwe kubwa kando ya barabara. Jiwe bado liko, na hakuna anayelisoma. Makondakta walianza kuita, "Kwa Mwenyekiti! Wa Kwa Mwenyekiti mshuke!" na jina likashika. Liliumiza roho yake kweli. Alienda kituoni kuwabembeleza wale vijana.

"Semeni Muuo, watoto wangu. Mimi si mahali. Mimi ni mtu."

"Sawa kabisa, Mwenyekiti," wakamwambia, halafu gari lililofuata lilipofika wakaita vile vile.

Mimi nilijaribu kwa njia yangu. Kazi yangu nyingine, mbali na kupigia kelele mitumba sokoni, ilikuwa kuongoza harusi na harambee, kipaza sauti mkononi. Wenzangu husema emsii, lakini ngumbaru tulifundishwa kwamba huyo huitwa mfawidhi. Basi kila harusi niliwaambia wageni, "Karibuni hapa Kwa Baba Mwende!" Walicheka hadi machozi, wakala pilau, wakarudi zao Kwa Mwenyekiti. Mtu anapewa mji na hautaki! Na mwingine anautaka hadi koo limekauka, hapewi hata kichochoro.

Alikuwa mrefu na mwembamba, na kofia yake nyeusi ya ukingo mpana ilimwongezea kimo hadi alipoingia dukani ungedhani nguzo ya stima imekuja kununua chumvi. Aliishi maisha ya mtu asiyetaka makuu. Suti moja, hana pete, hana saa. Lakini viatu! Alivipaka rangi asubuhi na jioni, na ukivikanyaga kwa bahati mbaya alifumba macho kama mtu aliyepigwa sindano. Alipenda nyama choma kwa mapenzi ya fisi, ila aliikata vipande vidogo vidogo ili ionekane hali sana.

Sasa, Wakweka. Kwao magharibi wengi wao huimba na kuhubiri kama sisi wengine, pengine hata kutushinda. Lakini yeye alishika mtindo wa zamani. Walikaa kwenye mabenchi, bila mhubiri, bila ngoma, wakanyamaza. Aliyesukumwa na roho alisimama akasema maneno machache, akakaa. Asiposukumwa mtu, hakuna aliyesema. Halafu Mwenyekiti alimgeukia aliye kando yake, akampa mkono, na hapo ibada imeisha.

Mke wangu alikuwa akishona mashati kwenye kiwanda kimoja cha nguo kule Athi River, zamu zikipangwa wanavyotaka wakubwa. Jumapili tulikwenda pamoja kanisani kwetu, kanisa lenye spika za kuamsha wafu, na mimi ndiye niliyesoma matangazo. Jumapili moja hakuja. Alishika njia ya mbuzi, akaenda kwa Wakweka. Alirudi adhuhuri, uso umekunjuka kama kitambaa kilichopigwa pasi.

"Mmehubiriwa nini?" nikamuuliza.

"Hatujahubiriwa."

"Mmeimba?"

"Hatujaimba."

"Sasa mlikuwa mnafanya nini masaa hayo yote?"

"Tumenyamaza, Baba Mwende. Shika hii sufuria."

Nimewaona wanaume ambao wake zao waliwakimbia wakafuata madereva, askari, hata mchungaji mmoja mwenye gari la buluu. Wa kukimbiwa ili mtu akanyamaze, Kenya nzima ni mimi peke yangu. Akaenda Jumapili ya pili, na nyingine, na nyingine. Ndipo nikaenda kunyolewa, na kinyozi akanieleza habari ya kofia.

Kofia hiyo iliwahi kumtia ndani. DO mmoja, yaani mkuu wa tarafa, jina lake nimelisahau kwa makusudi, aliitisha baraza kwenye uwanja wa shule. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini mwanzo mwanzo, wakati ambapo watu watano wakisimama pamoja serikali iliuliza kuna nini. DO aliposhuka garini wanaume wote tulivua kofia. Mimi sikuwa na kofia, nikavua ya jirani. Mwenyekiti akabaki na yake.

"Wewe mzee, toa kofia!" askari akapiga kelele.

"Hii hutoka nikisimama kumwomba Mungu tu, kijana wangu."

"Na mbele ya serikali?" DO mwenyewe akauliza.

"Serikali naiheshimu, Bwana DO. Lakini siipigii magoti, na kofia ni vile vile."

Uwanja ukanyamaza kama tumegeuka Wakweka sote. DO akakumbuka ana jambo lingine rohoni.

"Nimesikia muko na nyumba hapa watu wanakutana na hawasemi kitu. Mkutano wa watu wasiosema, hiyo ni siasa. Nataka uniambie nani huingia hapo, na huwa wanataka nini."

"Wanaoingia nawajua," Mwenyekiti akasema. "Wanachotaka si changu kusema. Si changu, na pole Bwana DO, si chako."

Wakamchukua. Na hapo ndipo wivu wangu ulipata mbolea. Mimi niliwahi kushikwa kwa kuuza mitumba pasiporuhusiwa, na aliyekuja kuniona ni mbwa wa jirani, na hata yeye alikuwa akipita tu. Mwenyekiti aliposhikwa, Wakatoliki walimpelekea chai kwenye birika kubwa la parokia. Mwislamu mwenye bucha alimpelekea nyama. Wale wa mavazi meupe waliokuja kutoka pande za Masinga walisimama nje ya kituo wakaimba, wakaimba, wakaimba, hadi polisi wenyewe wakaomba mzee aachiliwe ili wapate kusikia redio. Na Mama Mwende? Alipiga pasi shati, akampelekea ndani. Nilipofungua sanduku nikakuta shati langu halimo. Shati langu la ufawidhi, la bluu, lenye mifuko miwili! Mwenyekiti alitoka jela akiwa amevaa shati langu, na lilimkaa vizuri kuliko mimi.

Lakini kilichoniuma zaidi ni lile jibu. "Wanachotaka si changu kusema." Mtu hawezi kukataa kusema asichokijua. Kwa hiyo anajua! Kofia imejaa!

Wale wa mavazi meupe wanahitaji maelezo kidogo. Hawakutaka hospitali, waliponywa kwa maombi tu, na kila walikokaa walifukuzwa. Wengi wetu hatukuwataka. Mwenyekiti aliwapa ploti kando ya wengine wote, akasema kwenye kikundi, "Tukichagua nani aombe, kesho kutwa watatuchagulia sisi." Maneno yake yalikuwa mafupi hivyo. Mimi jambo hilo ningelieleza kwa dakika arobaini na watu wangepiga makofi, lakini wangesahau. Lake halikusahaulika, jambo ambalo naona si haki.

Lakini usidhani alikuwa malaika wa kalenda. Surua ilipoingia, alikwenda kwa watu wale wale na muuguzi nyuma ya baiskeli, akasimama mlangoni.

"Mungu wenu simgusi," akawaambia. "Watoto hawa nitawagusa."

Wakamwita mnafiki, tena kwa sauti, na walikuwa na haki, maana ndiye aliyewaambia hakuna atakayewaingilia. Alikaa pale mlangoni kimya hadi mama mmoja akatoka na mtoto wake, halafu mwingine. Hakuwahi kueleza alivyopatanisha mambo hayo mawili kichwani mwake. Nadhani hakuyapatanisha.

Na mwanawe mwenyewe je? Kijana aliokoka kwenye kanisa la spika kama letu, akataka ploti ya kujenga. Baba akampa, kwa sababu kila mwenye imani alipewa. Ila alimpa ile ya mwisho kabisa, kule kunakoanza mawe, na bado Jumapili ungemwona mzee ametia pamba masikioni. Uhuru aliwapa watu wote. Masikio yake hakuwapa.

Hiyo njia ya mbuzi niliyoitaja nayo ni kazi yake. Tulipofika kwenye ile ranchi tulikuta familia ya wafugaji, wamekaa hapo miaka na hawana karatasi yoyote. Sisi tulikuwa na karatasi. Tungewaondoa asubuhi moja. Yeye alienda akakaa nao siku nzima, wakanywa maziwa, wakaonyeshana kwa vidole, na alipotoka walikuwa wamekubaliana kwamba wao watasogea upande wa bonde, na mbuzi wao watapita katikati yetu kwenda mtoni, daima. Hakuna aliyeandika chochote. Hadi leo njia hiyo hakuna aliyeizungushia ua. Inapita juu ya ploti yangu! Mbuzi wa watu hupita wakinitazama nikinywa chai, kama wenye nyumba waliokuja kumkagua mpangaji. Nilipolalamika, Mwenyekiti aliniambia, "Si uliwakuta?" Nikakosa la kusema. Mimi, kukosa la kusema! Tarehe hiyo ingefaa kufanywa sikukuu.

Basi nikaamua kumtoa kwenye kiti. Ukimtoa mtu kwenye kiti, nilifikiri, watu watamwona bila kiti, na mke wangu atamwona pia. Hapa kwetu uchaguzi ni raha. Kuna mabango, kuna soda, kuna kurushiana viti kidogo. Lakini kwenye kikundi chake hapakuwa na kura. "Kura huacha walioshindwa," alikuwa akisema, "na kesho bado ni majirani." Jambo lilisemwa, watu wakanyamaza, wakasema tena, wakanyamaza tena, hadi hakuna roho inayokataa. Kama iko moja inayokataa, jambo linalala hadi mwezi ujao. Kuchimba kisima kulitukalisha hivyo hadi wengine waliota ndevu.

Nilijiandaa mwezi mzima. Nilizungukia nyumba zote. Siku ya mkutano nilisimama na hotuba yenye Kiswahili kizito cha ngumbaru, kiasi kwamba wazee wawili walikohoa. Nikataja maendeleo, nikataja damu changa, nikamaliza nikilowa jasho. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa.

"Ahsante, Baba Mwende. Umesema vizuri. Sasa tunyamaze kidogo tuone."

Wakanyamaza. Nikangoja mtu aniunge mkono. Nzi akapita. Mama mmoja akafunga leso upya. Waliokuwa wameniahidi wakawa wanatazama viatu vyao. Jua likasogea kwenye sakafu, nikaliona likisogea, naapa. Kichwa kikaanza kuniwasha, na kile kimya kikanipanda kifuani kama maji. Ikafika mahali ambapo ningekubali lolote, hata kufungwa, ili mtu aseme neno.

"Basi aendelee yeye!" nikapasuka.

"Kuna roho inayokataa?" Mwenyekiti akauliza kwa upole.

Hapakuwa na hata moja. Mimi ndimi niliyemrudisha kitini, kwa kinywa changu mwenyewe. Kinyozi alicheka wiki nzima, na wiki hiyo alinikata masikio mara mbili.

Lakini kiti nilikitaka kwa mdomo tu. Nilichokitaka ni kujua Mama Mwende anapeleka nini kule. Nyumbani hakuwa mtu wa kunieleza mambo. Nilikuwa nikimweleza mimi. Nilimweleza ya sokoni, ya harusi, ya siasa, nikamweleza hata ndoto zangu, na yeye aliitikia, "Mmh." Nikajiambia, mwanamke huyu lazima ana maneno yake pahali. Hayaleti kwangu. Yanakwenda wapi?

Nikaanza kusimama kwenye njia ya mbuzi Jumapili, nikijifanya natafuta kuku. Dirisha la nyumba yao lilikuwa dogo na la juu. Niliona ukingo wa kofia tu, umetulia tuli. Na nikagundua jambo lililoninyima chakula. Siku ambazo Mama Mwende hakwenda, Wakweka walitoka mapema, wakarudi kwao kupika. Siku alizokwenda, hawakutoka! Jua lingefika utosini, kuku wangerudi kivulini, na bado wamefungiana humo. Ukihitaji ushahidi mwingine basi wewe ni hakimu aliyehongwa. Alikuwa anamweleza maisha yangu yote, na kofia ilihitaji muda.

Nikaenda kwake. Nilimkuta mlangoni, redio pajani, mpira ukitangazwa, naye akipiga makelele ambayo sikujua kifua chake kinayo. "Pasi! Toa pasi wewe! Aaa, huyu ni ng'ombe!" Mtu wa kimya huyo! Aliponiona akapunguza sauti.

"Karibu, Baba Mwende."

"Mwenyekiti, mke wangu huwa anakuambia nini?"

Akanyamaza. Nikajua ataninyamazia hadi nipasuke tena, nikauma meno. Safari hii alikuwa wa kwanza kusema.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimemuuliza. Anasema hakuna kitu."

"Basi swali umelipeleka mahali pake."

"Nakuuliza kama mwanaume, Mwenyekiti!"

"Na mimi nakujibu kama jirani. Jambo la mtu na Mungu wake halipiti kwangu likienda kwa bwana yake. Halikupita likienda kwa DO." Akaongeza redio. "Keti tusikize, bado kipindi cha pili."

Sikuketi. Jumapili iliyofuata nilivaa lile shati la bluu, ambalo Mwenyekiti alikuwa amelirudisha, nikaingia mwenyewe kwenye nyumba yao. Nilichelewa, wakanionyesha benchi la mbele, kwa hiyo Mama Mwende akawa nyuma yangu, sikumwona. Nikakaa. Nikafumba macho, nikafungua. Tumbo langu likaanza kuhutubia. Nililibana sikio la kushoto kwa kiganja, kwa sababu sikutaka mawazo yangu yatoke, yalikuwa mabaya sana kumhusu mwenye kofia. Nilivumilia kadiri mtu anavyoweza kuvumilia akiwa amekalia kaa la moto. Halafu nikasimama.

"Bwana asifiwe!" nikanguruma. Ukuta ukatetemeka. "Kwa niaba ya wote mliohudhuria, na bila kupoteza muda..."

Kwao mtu akisimama hazuiwi. Nikawasalimu, nikawakaribisha wageni, nikatambua uwepo wa wazee, nikasimulia kisa cha harusi moja ya Kithyoko ambapo bwana harusi alikimbia. Nilipokaa, Mwenyekiti alitazama nyuma yangu, kule mabenchi ya mwisho, kisha akampa jirani yake mkono. Ibada ikaisha hapo hapo. Nilijisifu moyoni. Ibada zao za hadi adhuhuri, mimi nimezifupisha mara moja!

Njiani Mama Mwende alitembea mbele yangu, macho mekundu.

"Baba Mwende," akasema bila kugeuka, "kanisani kwako sijawahi kukukataza kitu. Pale usirudi."

"Kwa nini?"

"Pale ni pangu."

Nimewahi kuanguka kutoka juu ya mti wa mparachichi. Neno hilo liliuma zaidi. Miaka yote ya ndoa sikuwa nimesikia mke wangu akisema kitu ni chake, hata cherehani aliita yetu. Na hicho kimoja kilichokuwa chake, mimi ndiye wa kukaa nje.

Sikurudi. Nilimwonea wivu Mwenyekiti kwa umbali, jinsi mtu anavyoota moto wa jirani.

Miaka ikaenda. Kiwanda kilipunguza watu, Mama Mwende akaacha kazi, akafungua duka la kushona nguo za shule hapa nyumbani. Polepole akarudi kanisani kwetu, ingawa alikaa mbali na spika. Nilidhani nimeshinda, na nilitangaza hivyo sokoni.

Halafu tukasikia Mwenyekiti amepatwa na kiharusi. Nilingoja watu wapungue, ndipo nikaenda, na paketi ya sukari na maziwa ya kopo. Nilimkuta amewekwa kitini barazani, upande wa kulia hausogei, mdomo umevutwa kidogo. Sauti ilikuwa imekwisha. Viatu viling'aa kama zamani. Kichwa kilikuwa wazi, kipara kisichozoea jua, kidogo kuliko nilivyotegemea, na kofia ilikuwa kwenye meza ndogo kando yake. Mkewe, Mkamba wa huku ambaye sote tulimwita Susu kwa kuwa alitosha kuwa nyanya yetu, alinikaribisha kisha akaingia jikoni kupika chai.

Nikaanza kumwambia habari. Nilimwambia habari za mvua, za barabara, za mtu aliyeoa mara ya tatu. Alinitazama kwa jicho moja lililo hai sana. Kimya chake cha zamani alikuwa amekichagua. Hiki hakikumwomba ruhusa. Nikasema, nikasema, kwa sababu nilipokoma nilisikia pumzi yake tu, na sikuweza kuivumilia.

Mwishowe maneno yakaniishia. Nikaitazama kofia. Nikaichukua, nikaigeuza, nikachungulia ndani. Palikuwa na utepe wa ngozi uliochakaa, na jasho la miaka.

"Unatafuta nini humo?" Susu akasema nyuma yangu, chai mkononi.

Labda ningemdanganya mtu mwingine. Nilimweleza yote, kinyozi, sikio la kushoto, moshi, dirisha, zile Jumapili zisizokwisha. Susu aliweka kikombe chini kwa sababu kilikuwa kinamwagika kwa kicheko. Mzee naye, nusu ya uso wake ikacheka.

"Susu, niambie tu," nikasema. "Sasa mimi ni mzee pia. Mke wangu alikuwa anamwambia nini?"

"Woi, Baba Mwende." Akajipangusa macho kwa leso. "Mke wako alikuwa analala. Anatoka zamu ya usiku kule Athi River, anakuja moja kwa moja, anakaa benchi ya nyuma, anaegemea ukuta, amelala. Kwetu ibada inaisha mzee akipeana mkono, na yeye alikuwa anakataa kupeana mkono mpaka mama aamke. Sisi wote tunakaa hapo na njaa yetu, tunamngoja. Hakuna neno aliwahi kusema. Alikuwa amechoka tu."